Baiskeli ya mazoezi ya nyumbani: kilo za gurudumu zinakuuzia nini?

Ingia duka lolote la vifaa vya mazoezi Dar es Salaam, au pitia matangazo ya wauzaji wa Nairobi kwenye simu, na neno la kwanza utakaloambiwa kuhusu baiskeli ya ndani ni kilo. Si kilo zako, ni kilo za gurudumu. "Bosi, hii ina gurudumu la kilo 18. Ile pale ni kilo 5 tu, ya wazee ile." Mteja anatazama lile gurudumu kubwa linalong'aa, limeachwa wazi mbele, kisha anatazama ile ya pili iliyofunikwa plastiki nyeusi pande zote, na kabla hajapanda hata moja ameshachagua.

Ile yenye gurudumu wazi ndiyo spin, aina inayotumika kwenye madarasa ya gym: unainama mbele, unaweza kusimama juu ya pedali, unakata jasho na muziki unapiga. Ile iliyofunikwa ni baiskeli ya wima ya sumaku: unakaa mgongo umenyooka, unaongeza ugumu kwa kitufe chenye namba, mara nyingi 1 hadi 8. Kwa bei za chini tofauti kati ya hizi mbili si kubwa kiasi cha kumaliza ubishi, kwa hiyo watu wanaamua kwa mvuto. Na kwa mvuto, ya wima inashindwa kila siku.

Nianze na haki ya spin, maana sifa zake si za uongo. Fremu yake kwa kawaida ni nzito na imara, mtu mwenye mwili anaikalia bila kuhisi inayumba. Kiti kinapanda na kushuka, na pia kinasogea mbele na nyuma. Usukani nao unapanda. Mtu anayeendesha baiskeli ya kweli barabarani, anayejiandaa kwa mashindano au anayetaka kukimbiza moyo kwa vipindi vifupi vya nguvu, atapata mkao anaoufahamu. Gurudumu zito nalo lina kazi yake. Pedali inapofika juu kabisa na chini kabisa mguu hauna nguvu ya kusukuma, na mwendo uliohifadhiwa kwenye gurudumu ndio unaoivusha. Ndiyo maana spin nzuri inazunguka laini. Mtu aliyeuonja ulaini huo akipanda ya wima ya bei poa anaona kama inakwamakwama, na hajakosea.

Shida inaanza pale kilo zinapouzwa kama kipimo cha mazoezi. Hapa wanunuzi wengi wanadanganyika, na wauzaji wengi nao hawajui wanachokisema. Gurudumu zito halichomi kalori zako. Kazi yake ni kutunza mwendo. Ukishaanza kuzunguka kwa kasi ile ile, kinachokutoa jasho ni breki: pedi inayolisugua gurudumu, au sumaku inayolivuta. Wati 100 kwenye gurudumu la kilo 18 ni wati 100 zile zile kwenye gurudumu la kilo 5. Mtu akizitoa kwa nusu saa amefanya kazi ya kilojuli 180, na kwa kuwa mwili hugeuza kama asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati yake kuwa kazi ya pedali, amechoma kalori kati ya 170 na 215 hivi. Ni karibu soda moja ya nusu lita. Ongeza kilo za gurudumu hadi 30 ukitaka, hesabu haibadiliki.

Hata kwa ule ulaini, kilo peke yake hazisemi kitu. Nguvu inayohifadhiwa ndani ya gurudumu inategemea uzito wake, upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, na zaidi ya vyote kasi yake, tena kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Chukua magurudumu mawili ya upana na umbo moja. La kwanza ni kilo 18 na linazunguka mara 3 kila pedali inapozunguka mara moja. La pili ni kilo 8 na linazunguka mara 6. Zidisha: 18 mara 9 ni 162, na 8 mara 36 ni 288. Lile jepesi limebeba mwendo mwingi zaidi. Hii si nadharia ya ubaoni. Keiser, kampuni ya Kimarekani ambayo baiskeli zake zimejaa kwenye gym za gharama, hutumia gurudumu la alumini la takribani kilo 3.6, lililowekwa nyuma na kuzungushwa kwa kasi kubwa, na breki yake ni ya sumaku. Muuzaji wetu angeiita ya wazee.

Kwa hiyo anayeuliza "gurudumu kilo ngapi?" bila kuuliza linazunguka mara ngapi kwa pedali moja hajapata jibu lolote. Na karibu hakuna boksi linaloandika hiyo namba ya pili. Njia iliyobaki ni kupanda dukani, kuweka ugumu wa katikati, na kukanyaga polepole kabisa, kama mizunguko 50 kwa dakika. Mashine mbaya hujisaliti kwenye mwendo wa polepole. Kasi huficha mengi.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja, nalo kwa nyumba zetu ni kubwa kuliko yote. Spin nyingi hazina mzunguko huru. Baiskeli ya barabarani ukiacha kukanyaga, pedali zinatulia na gurudumu linaendelea peke yake. Kwenye spin, pedali na gurudumu vimefungwa pamoja: gurudumu likienda, pedali zinakwenda, utake usitake. Mguu ukichomoka kwenye kamba ya pedali ukiwa kwenye kasi, pedali inarudi na kukupiga muundi. Ili kusimamisha unabonyeza kile kitufe cha breki chini kwa nguvu, na mtu mgeni aliyebabaika halikumbuki hilo.

Sasa weka mashine hiyo sebuleni kwenye nyumba ya watoto. Gurudumu la kilo 18 lenye upana wa sentimita 44 hivi, linalozunguka mara 3 kwa pedali moja, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, limebeba nguvu inayokaribia ile ya kuliangusha gurudumu hilo hilo kutoka urefu wa mita moja. Liko wazi. Mtoto wa miaka miwili anavutwa na kitu kinachozunguka na kung'aa, na mama aliye juu ya kiti, masikioni ameweka muziki, anaona mkono ukija lakini hawezi kusimama papo hapo. Hata mashine ikiwa haina mtu, mkubwa akiisukuma pedali kwa mchezo, mdogo wake ana vidole upande wa pili. Kile kile kinachosifiwa dukani, uzito, ndicho kinachofanya isisimame. Ya wima ya sumaku kwa kawaida imefunikwa gurudumu lote na mkanda wake, na nyingi zina mzunguko huru. Ukiacha kukanyaga, imeisha. Nikiulizwa sababu moja tu ya kuipigania hii mashine inayodharauliwa, ni hiyo, na kwangu ingetosha.

Ukifungua lile plastiki lake utaona kwa nini pia haisumbui. Kuna mkanda unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye gurudumu dogo, na pembeni ya gurudumu kuna mkono wa chuma uliopangwa vipande vya sumaku. Kitufe cha juu kinavuta waya, kama waya wa breki ya baiskeli, na ule mkono unasogea karibu na gurudumu bila kuligusa. Basi. Sumaku zikikaribia, umeme mdogo unazaliwa ndani ya chuma kinachozunguka na kupinga mwendo wake. Hakuna kinachosuguana, hakuna vumbi, hakuna cha kuisha. Aina hii ya kitufe haihitaji hata soketi. Skrini inakula betri mbili ndogo, kwa hiyo mgao wa umeme kama ule ulioisumbua Tanzania mwishoni mwa 2023 hauigusi, ingawa feni ikizimika chumba cha Dar kitakuonyesha upande wa pili wa maisha.

Spin ya pedi inasugua. Pedi ya sufi au ya ngozi inakaza juu ya gurudumu, inaisha, na ikikauka inapiga kelele ambayo jirani wa ghorofa ya chini ataikumbuka saa kumi na moja alfajiri. Mtetezi wa spin atasema pedi ni kitu rahisi, fundi yeyote anakata kipande cha sufi na kubandika. Ni kweli, na ni faida halisi kwa mtu aliye mbali na duka la vipuri. Atasema pia kuna spin za sumaku. Zipo, nazo zimemaliza kelele na pedi. Gurudumu lililo wazi na pedali zisizotulia hazijamaliza.

Kisha jasho na chumvi. Kwenye spin umeinama, jasho linadondoka moja kwa moja juu ya usukani, boliti zake na gurudumu lenyewe. Ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hewa yenyewe inakula chuma bila kusaidiwa. Anayenunua spin ya mtumba iliyotoka gym ainame na tochi aangalie chini ya usukani na pembeni ya gurudumu, rangi ilipovimba.

Sasa makosa ya ya wima, maana yapo na mengine ni makubwa. Zile za bei ya chini kabisa, hasa za kukunja, huandikwa uzito wa mwisho wa kilo 100 au 110, na mtu wa kilo 105 anakaa pembezoni kabisa mwa usalama. Nyingi kiti chake hakisogei mbele na nyuma, hivyo mrefu anakunja magoti na mfupi anajinyoosha. Usukani unacheza ukijaribu kusimama, kwa hiyo usisimame. Kiti kipana chenye godoro kinapendeza dakika kumi za kwanza, baada ya hapo kinakuchubua. Na ugumu wake una mwisho: kijana mwenye miguu ya nguvu atafika namba 8 ndani ya miezi michache na kubaki hapo. Huyo spin inamfaa, sina ubishi naye.

Skrini nayo isimdanganye mtu wa upande wowote. Kwenye mashine nyingi za kitufe, skrini inahesabu mizunguko ya pedali tu. Haijui umeweka namba ngapi. Weka namba 1, kanyaga mizunguko 60 kwa dakika uone kalori zinavyopanda. Weka namba 8, kanyaga vile vile, ukiwa unahema, zitapanda kwa mwendo ule ule. Hesabu ya kuaminika ni dakika. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kwa hilo saa ya ukutani inatosha. Skrini kubwa za madarasa ya mtandaoni ni biashara nyingine: unanunua mashine, kisha unalipa kila mwezi. Bei nayo si dhamana ya chuma. Mei 2023 Peloton, jina kubwa kuliko yote kwenye soko hilo, ilitangaza kuzirekebisha baiskeli zaidi ya milioni 2 Marekani kwa sababu nguzo ya kiti iliweza kukatika mtu akiwa juu yake.

Ukiniuliza nani hasa ananunua mashine hizi kwetu, jibu langu ni mtu wa miaka 40 na kuendelea aliyeambiwa na daktari kwamba sukari au presha inapanda, au mama asiyetaka kwenda gym ya watu akitazamwa, au mfanyakazi anayerudi nyumbani saa mbili usiku. Hawa wanahitaji kitu cha kukanyaga nusu saa mbele ya taarifa ya habari, mara tano kwa wiki, bila kuamsha mtu. Wanauziwa mashine ya mwanariadha, wanainama wiki mbili, mgongo unauma, na mashine inaanza kuanikwa nguo. Kwa hao ya wima ya sumaku ndiyo jibu. Na kama goti au kiuno kinasumbua hata kupandisha mguu, basi ile ya kuegemea, yenye kiti kama cha ofisini na pedali mbele, ingawa inakula nafasi na chumba cha kupanga huenda kisiiruhusu.

Ukishaamua, pima kiti kwa kisigino: pedali ikiwa chini kabisa, kisigino juu yake, mguu uwe umenyooka. Ukihamisha unyayo ukakanyagia mbele, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo linapotakiwa. Kiti kisipofika hapo, acha mashine dukani. Na siku ya kuifunga nyumbani, kumbuka pedali ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Nyingi zimepigwa herufi, L kwa kushoto na R kwa kulia. Ikigoma kwenye mizunguko ya kwanza usiongeze spana. Ichomoe uangalie herufi, maana ukishaua uzi wa krenki, ule mkono unaobeba pedali, unatafuta krenki nyingine.