Faiba Unguja na Pemba: Izikwe au Itundikwe?

Kila unapokuja mradi wa faiba (waya wenye nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga) Unguja au Pemba, mabishano huwa yaleyale: waya uzikwe au utundikwe kwenye nguzo? Wanaotaka kuzika husema usalama, wanaotaka kutundika husema gharama. Wote wana hoja nzito, ila hubishana kana kwamba visiwa hivi vina udongo wa aina moja.

Mashariki ya Unguja, kutoka Makunduchi kupita Paje hadi Matemwe, ni uwanda: mawe ya matumbawe yako juujuu. Kuchimba mtaro wa mita moja huko kunataka mashine ya kuvunja mawe. Mkandarasi aliyebanwa na bei huishia sentimita 40, akatupia vifusi na kuondoka. Waya wa hivyo umekosa kotekote: hauonekani wala haukulindwa. Ikiwa mtaro hauwezi kwenda chini zaidi, bomba lifunikwe kwa zege. Ikiwa fedha ya zege haipo, ni heri nguzo, kwa waya wa ADSS usio na chuma ndani, ambao unaweza kupita karibu na laini za umeme.

Mji Mkongwe mambo ni mengine. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na vichochoro vyake tayari vimejaa nyaya zilizopigwa misumari kwenye kuta. Hapo naunga mkono kuzika bila kusita, kwa sharti kwamba mtaro ukishafunguliwa yawekwe mabomba ya ziada kwa ajili ya makampuni yatakayokuja baadaye. Kufukua kichochoro kilekile mara tatu ni kuharibu mji.

Pemba udongo wa vilimani unachimbika, lakini masika hugeuza mtaro uliofukiwa vibaya kuwa mfereji. Maji huteremka nao, hubeba udongo, na bomba huachwa wazi. Kwenye miteremko lazima kijengwe kizuizi cha mawe au zege kila baada ya mita kadhaa.

Waya wa juu nao una adui zake. Minazi huanguka, malori yenye mizigo mirefu hunasa waya ulioning'inia chini, na hewa ya chumvi hula vishikio vya chuma kwenye nguzo zilizo karibu na pwani. Lakini fundi huiona hitilafu kwa macho na kuirekebisha ndani ya saa chache. Waya wa chini adui yake mkubwa ni kijiko, yaani mashine ya kuchimba, cha mradi wa barabara, na ukishakatika kazi kubwa ni kujua wapi.

Hapa ndipo wanaozika wanapojidanganya. Mashine ya OTDR hupeleka mapigo ya mwanga ndani ya uzi, hupima mwanga unaorudi, kisha hutaja umbali wa hitilafu. Umbali huo ni wa uzi wa kioo, si wa barabara. Chukua njia ya kilomita 10 yenye chemba 12 (mashimo yenye vifuniko ya kufikia waya), kila moja ikiwa na akiba ya waya iliyoviringishwa mita 20: tayari kuna tofauti ya mita 240. Nyuzi zenyewe zimesokotwa ndani ya waya, kwa hiyo huwa ndefu kuliko waya kwa karibu asilimia 1, yaani mita 100 nyingine. Fundi asiye na mchoro unaoonyesha kila chemba na kila akiba anaweza kuchimba zaidi ya mita 300 kutoka mahali penyewe. Mchoro huo unapaswa kudaiwa kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho, pamoja na vipimo vya kila uzi vya siku ya makabidhiano.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyosaidia pia kumkamata mwizi wa data. Mtu akiufikia uzi na kuukunja kidogo, mwanga huvuja na kusomeka, huku wateja wasihisi lolote. Waya wa juu na chemba zisizofungwa ndiyo milango yake. Uzi wa kawaida hupoteza mwanga wa karibu desibeli 0.35 kwa kilomita kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310, na karibu 0.2 kwenye 1550. Ikitokea hasara mpya, linganisha mawimbi hayo mawili: ikiwa kubwa zaidi kwenye 1550, uzi umepindwa mahali, ikikaribiana, shuku kiungo kibovu. Bila kipimo cha awali huna cha kulinganisha nacho.

Kuzika humchelewesha mwizi tu, hakumzuii. Kwenye GPON, mfumo wa faiba ambamo wateja wengi hugawana uzi mmoja, data inayoteremka hufika kwa kila mteja aliye kwenye spilita moja (kifaa kinachogawa mwanga), na kinachoificha ni usimbaji, yaani kuigeuza data kuwa fumbo, wa AES-128, ambao lazima mtoa huduma ahakikishe umewashwa. Inayopanda kutoka kwa mteja haisimbwi. Kwa hiyo hospitali, benki na ofisi za serikali zisimbe data zao wenyewe, kwa njia za usimbaji kama IPsec au MACsec, waya upite juu au chini.

Kwa maoni yangu, swali la kuzika au kutundika limekosewa pale linapotaka jibu moja. Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu ya kutegemea waya mmoja wa baharini. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya. Mtandao wa visiwani unahitaji duara, yaani njia mbili ili moja ikikatika data ipite ya pili, na nusu za duara hilo zisiwe na adui mmoja. Kati ya Chake Chake na Wete kuna barabara mbili: upande mmoja waya uzikwe, mwingine utundikwe. Kijiko hakitafikia wa juu, wala mnazi hautaangukia wa chini.

Nyuzi mbili ndani ya waya mmoja si njia mbili. Hata njia mbili za kweli hugeuka moja zikiingia kituoni kupitia chemba moja, na ndivyo inavyotokea mara nyingi kwenye mita 50 za mwisho. Ziingie pande tofauti za jengo, kisha usiku wenye matumizi madogo upande mmoja uchomolewe makusudi, kuona kama wateja wanahamia upande wa pili.