Sensa ya sukari kwa mtoto mdogo: tusianze na bei, tuanze na usiku

Kwenye mazungumzo ya kliniki za kisukari, Iringa hata Mbeya, hoja ni ile ile: sensa ya sukari, ile inayobandikwa mkononi na kusoma sukari usiku na mchana (si ya kuhesabu watu), ni kifaa cha wenye nacho. Mtoto wa kijijini Makete apewe insulini na stripi za kupima damu ya kidoleni, basi. Hoja ina uzito. Sensa ya siku 14 ikivaliwa mfululizo ni vipande 26 kwa mwaka, na zipo familia ambazo hata stripi mbili kwa siku hazipati. Watoto wengi hutegemea miradi ya msaada kama Changing Diabetes in Children, na msaada ukikatika nyumba haiwezi kuuendeleza.

Ila hoja hiyo humpima mtoto wa miaka mitatu kwa kipimo cha mtu mzima. Chukua mtoto wa kilo 15 anayetumia yuniti 10 za insulini kwa siku. Kwa kanuni ya makadirio, 100 ukigawanya kwa yuniti za siku nzima, yuniti moja humshusha sukari ya damu kama milimoli 10 kwa lita. Yuniti moja! Ni mililita 0.01, tone dogo kuliko punje ya mtama. Mama akivuta dawa kwa mwanga wa kibatari akazidisha nusu yuniti tu, ameshusha milimoli 5: aliyekuwa na 8 anafika 3. Kwa mtu mzima wa yuniti 50, kosa hilo hilo ni milimoli 1, na huenda asijue hata kama lilitokea.

Na hatari yenyewe, sukari kushuka mno, hupenda usiku. Insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya kudumu) ikichomwa saa 12 jioni, sehemu yake ya kudumu hupata nguvu kuanzia saa 4 usiku hadi alfajiri. Mkubwa huenda akaamka na jasho, akaomba uji. Mdogo hulegea tu chini ya blanketi, na akianza kutetemeka jirani ataita degedege. Stripi ya jioni ikisema 8 na ya asubuhi 6, daftari linaonekana zuri, kumbe katikati alikaa kwa muda wa saa mbili chini ya 3.9, mpaka wa sukari kushuka.

Utafiti wa SENCE wa Marekani, uliochapishwa 2021, ulifuatilia watoto 143 wa kuanzia miaka 2 hadi chini ya 8 kwa wiki 26. Sensa haikuongeza kwa kiasi cha maana muda wa sukari kuwa kati ya 3.9 na 10, lakini ilipunguza muda wa kushuka. Wapinzani hushika nusu ya kwanza. Kwa umri huu, nusu ya pili ndiyo habari.

Kasoro zipo, na nyingine zinaudhi. Sensa husoma majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Mama akishampa kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye maji, skrini bado itasema 3.4, akiongeza cha pili, alfajiri ni 16. Subiri dakika 15, pima kidole. Mtoto akiulalia mkono wenye sensa, kengele hulia bure: mgeuze, kisha pima. Osha kidole kwa maji ya vuguvugu, maana baridi ya Juni huzuia tone, na utamu wa ndizi mbivu ya Tukuyu ukibaki kidoleni hupandisha jibu. Kwa hiyo stripi haziondoki, na fedha zake zisiguswe.

Nisingedai 26 kwa mwaka. Walio chini ya miaka sita wapate moja wanapoanza insulini, na nyingine kila dozi inapobadilishwa sana. Grafu ya siku 14 inatosha kumwonyesha nesi kama dozi ya jioni ipungue nusu yuniti. Hapo litahitajika bomba la sindano la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti. Lile la mililita 1 mara nyingi huhesabu yuniti mbili mbili.