Kivuko kimoja cha reli kisiwahukumu mashabiki wote wa anime

Kila unapoibuka mjadala kuhusu safari za mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, picha ni ileile: kivuko cha reli karibu na stesheni ya Kamakurakōkō-mae, Japani, kinachoonekana mwanzoni mwa anime ya Slam Dunk. Watu wamefurika barabarani, simu juu, gari limekwama katikati yao. Wanaoiona huhitimisha kwamba kusafiri kwenda kutazama mahali palipochorwa kwenye anime ni kero tupu.

Kero ipo, na wakazi wana kila haki ya kulalamika. Manispaa imelazimika kuweka walinzi. Lakini tuangalie inavyoanza. Barabara inateremka kuelekea baharini na kukata reli ya Enoden. Treni hupita takriban kila dakika 14 kwa kila upande, na inakaa mbele ya kamera sekunde chache tu. Kwenye mchoro treni ni kubwa na bahari imeisogelea. Kamera ya simu huchukua eneo pana, kwa hiyo treni inatoka ndogo. Mpiga picha anakuza, picha inabana, anarudi nyuma hatua tatu, nne, na sasa yuko katikati ya lami. Akikosa, anasubiri treni nyingine, na wapya wanazidi kuwasili. Akishapata picha anaondoka. Mwenyeji anabaki na takataka.

Ninachokiona hapo ni mgeni asiyepokelewa na mtu. Penye mpokeaji, mambo huenda kwingine kabisa.

Chukua hekalu la Washinomiya, mkoa wa Saitama, lililoonekana kwenye anime ya Lucky Star ya mwaka 2007. Mwaka Mpya wa 2008 lilipata watu wapatao 300,000. Mwaka 2011 wakafika 470,000. Anime yenyewe ilikuwa imeisha kurushwa Septemba 2007! Kwa kawaida shauku hupoa onyesho likiisha. Hapa ilipanda miaka zaidi ya mitatu mfululizo, na hilo ndilo wanaodharau safari hizi hawajalieleza. Maelezo yako kwa wenye maduka. Chama chao cha wafanyabiashara kilitengeneza vining'inizo vya simu vya Lucky Star, kila duka likauza muundo wake. Aliyetaka seti kamili ilimbidi auzunguke mtaa, aingie duka baada ya duka, asalimiane na wauzaji. Septemba 2008, kwenye tamasha la mji, mashabiki wakabeba mabegani hekalu dogo la sherehe lililochorwa wahusika wa anime hiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Washinomiya walimpa, naye akalima.

Ni kweli, idadi za Mwaka Mpya ni makadirio, na anayekuja kusali si lazima anunue kitu. Tena si kila anime huvuta watu. Mji unaowekeza kabla ya kuwaona mashabiki wakifika unaweza kupata hasara. Hoja hizo nazikubali. Ila zinahusu kiasi cha faida, hazithibitishi kwamba mgeni ni mharibifu.

Hata utaratibu haugharimu sana. Maktaba ya mji wa Hida, mkoa wa Gifu, ilipata wageni baada ya filamu ya anime ya Your Name ya 2016. Maktaba ni mahali pa utulivu kuliko kivuko chochote, lakini haikufunga milango: mgeni anapita kwanza kaunta, anaeleza kwamba anataka kupiga picha, na hawapigi picha wasomaji.

Kamakura nako shabiki anaweza kuanza mwenyewe. Simama ukingoni juu kidogo ya mteremko, nje ya njia ya magari, ukuze mara mbili. Kengele ya kivuko ikianza kulia, washa video, usihangaike na picha moja moja. Baadaye chagua kipande kimoja kutoka kwenye video hiyo. Treni moja inatosha, na wa nyuma yako anapata nafasi.