Kwanini nilipiga Hapana kwenye Pendekezo 50

Oktoba 2025 bahasha mbili za kura zilikaa kwenye meza ya jikoni hapa kwetu Sacramento karibu wiki mbili, yangu na ya mke wangu. Swali lilikuwa moja tu, Pendekezo 50: California ibadili ramani ya majimbo yake ya uchaguzi ili Wademokrati wapate mpaka viti vitano zaidi Baraza la Wawakilishi, kuwajibu Texas ambao mwezi wa nane walichora upya ya kwao kwa shinikizo la Trump ili Warepublikani nao waongeze vitano. Mke wangu akaweka Ndiyo, mimi nikaweka Hapana, na tangu hapo kuna watu ninaowaheshimu sana wananiambia nilimpigia Trump. Sio kweli, na inaniuma.

Upande wa Ndiyo una hoja nzito, hilo nalikubali kabisa. Mdogo wangu yuko Fort Worth, Texas, alinipigia akasema, "Kaka, nyie huko mnajadili usafi, sisi huku tumeshakatwa vipande." Nikakosa la kumjibu. Texas wananchi hawakuulizwa chochote, bunge lao likapitisha, Gavana Abbott akasaini, ikaisha. Na Mahakama ya Juu ilishasema tangu 2019 kwamba ramani ikichorwa kwa faida ya chama tu, mahakama za shirikisho haziingilii. California angalau waliuliza watu, na Novemba 4 karibu asilimia 64 wakasema Ndiyo, tena ramani yenyewe ni ya muda, baada ya sensa ya 2030 kazi inarudi kwa tume ya raia inayochora majimbo. Ukizingatia uchaguzi wa 2024 Baraza liligawanyika Warepublikani 220 kwa Wademokrati 215, viti vitano ni vingi mno.

Ila hiyo tume ndio watu wanaipita haraka haraka kama kitu kidogo. Wananchi wa California waliipigia kura 2008 wakawanyang'anya wanasiasa kalamu ya kuchora majimbo ya bunge lao la hapa, halafu 2010 wakaongeza na viti vya Washington. Ni raia 14, watano Wademokrati, watano Warepublikani, wanne wasio wa vyama hivyo, na wanane wa kwanza wanapatikana kwa kura ya bahati nasibu kabisa, vipira vinazungushwa, kisha hao wanane ndio wanachagua sita waliobaki. Mara ya kwanza watu zaidi ya 30,000 waliomba kuingia. Mimi nimekulia Tanzania ambako wajumbe wa tume inayogawa majimbo walikuwa wanateuliwa na rais, kwahiyo siku ya kwanza kusikia habari ya vipira nilidhani nimeelewa vibaya. Kitu kama hicho watu walikipigania miaka, na sisi tumekiweka pembeni ndani ya miezi mitatu.

Angalia Modoc. Ni kaunti kule juu kabisa kwenye kona, inapakana na Oregon na Nevada, watu hawafiki 10,000, ng'ombe na majani ya mifugo, mbunge wao alikuwa Doug LaMalfa, Mrepublikani na mkulima wa mpunga. Ramani mpya imewaunganisha na Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitokea San Francisco, sehemu ya Wademokrati yenye nyumba za bei kali, mwendo wa gari masaa kama sita. Mfugaji wa Modoc akiwa na shida ya maji anampigia mbunge ambaye ushindi wake unatoka Marin na hata asipopokea simu hatapoteza kitu. Ndio maana siku moja huyo mfugaji akisikia mtu anasema uchaguzi umeibwa atasikiliza, hata kama huo wizi unaotajwa haupo, kwasababu yeye anajua kwamba kura yake ilishapangiwa kushindwa.

Na namba hizi hazinitoki kichwani. 2024 Trump alipata zaidi ya kura milioni 6 California, kama asilimia 38. Warepublikani walikuwa na viti 9 kati ya 52, tayari ni vichache, na ramani mpya ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa wanabaki na 4. Texas Kamala Harris, mgombea wa Wademokrati, alipata kura karibu milioni 4.8, asilimia 42, na ramani yao imelenga kuwaachia Wademokrati viti 8 kati ya 38. Jumlisha hizo mbili tu, ni watu karibu milioni 11. Mdogo wangu yumo humo. Watu wanasema viti vitano vya kwetu vinafuta vitano vya kwao, sawa, kwenye hesabu ya vyama vinafutana, lakini mfugaji wa Modoc na mdogo wangu hawafutani, wote wawili wamekosa mbunge.

Walioanza ni Texas na kosa lao ni kubwa kuliko la kwetu, hilo halina mjadala. Lakini naambiwa hakukuwa na njia nyingine, halafu Desemba nikaona Indiana. Seneti ya kule iliyojaa Warepublikani, Trump anawabana waziwazi, baadhi yao wanatishiwa mpaka majumbani, na bado wakaikataa ramani mpya 31 kwa 19, ishirini na moja kati ya waliokataa ni watu wa chama chake mwenyewe. Sidai kwamba Hapana yetu ingewazuia Missouri au North Carolina, wale walishachora upya ramani zao kwa faida ya Warepublikani kabla hata ya Novemba, na mdogo wangu angebaki amekatwa vilevile. Bei ya Hapana naijua, na usiku ule wa simu yake sikulala vizuri.

Kinachonitia hofu ni 2031, tume ikitakiwa kuchora tena, kutakuwa na wabunge watano wenye viti vya kupoteza, na sababu ya kuahirisha haikosekani. Sharti la kuomba kuingia kwenye tume ni uwe mpiga kura usiyehamahama chama miaka mitano na uwe umepiga kura chaguzi mbili kuu kati ya tatu zilizopita. Ninazo zote. Maombi yakifunguliwa naomba, na mke wangu ameshasema ataniandikia barua ya utambulisho.