Ukienda kulala Idjwi, kahawa ya pakiti iache Goma

Agosti 2022 tulikuwa watu saba, mahema matatu, na gitaa moja lililobakiwa na nyuzi nne. Tulishuka botini upande wa kaskazini wa kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, na Papa mmoja (huku kwetu ndivyo tunavyomwita mzee) akatupa nafasi ya kusimamisha mahema nyuma ya nyumba yake, katikati ya mibuni. Asubuhi ya kwanza mwenzetu alifungua begi akatoa pakiti za kahawa ya papo hapo, ile ambayo maziwa na sukari vimeshatiwa humohumo. Ilikuwa imetoka bara lingine. Na mwenyewe alikuwa ameegemea shina la mbuni.

Siku ile sikusema kitu kwa sababu nami nilikunywa, vikombe viwili. Nasema leo: sisi watu wa Goma tukienda kulala nje, kando ya ziwa au mlimani, hatuna sababu ya kubeba kahawa ya pakiti. Tuna sufuria, tuna mawe matatu, na tuna kahawa ya arabika inayoota mpaka kwenye kingo za ziwa letu, kuanzia Idjwi hadi Minova na Kalehe. Wazungu wanailipia bei nzuri wakaikaange kwao, sisi tunaikalia kivuli.

Najua jibu litakalokuja. “Kahawa ya kuchemsha kwenye sufuria ni chungu, ni tope, inakwangua koo.” Kweli, mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini sufuria haina kosa. Kosa ni la yule anayeiacha ichemke robo saa huku akitafuta kijiko, na la unga uliokaa miezi sita ndani ya mfuko uliofungwa kwa fundo.

Papa mwenyeji wetu hakuwa akinywa kahawa. Alikuwa mtu wa chai, tena ya sukari nyingi. Lakini ndani ya nyumba alikuwa na gunia la parche, kahawa iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa ila bado imevaa ganda lake la mwisho, inayongoja mnunuzi. Mavuno yalikuwa yamekwisha mwezi wa sita. Tulipomwomba atuuzie kilo mbili alitutazama kama watu walioomba kununua kokoto. “Mutaifanya nini?” Tukamwambia tutaikunywa. Akamwita mke wake aje kusikia.

Kazi yenyewe ni hii. Parche unaitia kwenye kinu cha sombe, yaani kisamvu, unatwanga polepole mpaka maganda yatoke, kisha unapepeta kwa ungo. Zinabaki punje za kijani, ngumu kama mahindi makavu. Unaziweka kwenye kikaango kikavu juu ya moto wa wastani na unakoroga bila kupumzika, kama unavyokaanga karanga. Kwanza zinageuka njano na kunukia kama mkate. Halafu zinaanza kupasuka, kama bisi lakini kwa sauti ndogo. Hapo wengi wanaogopa na kuepua, wengine wanaendelea mpaka ziwe nyeusi kama makala. (Msomaji wa Tanzania asishangae: huku kwetu makala ni ule mkaa wa kupikia. Kwa hiyo ninaandika makala kuhusu makala.) Mimi huepua mlio wa kupasuka unapopungua, rangi ikiwa ya udongo mwekundu uliolowa. Unazimwaga kwenye ungo, unazipeperusha zipoe, na maganda mepesi yanaruka kama ya kitunguu. Kuanzia moto hadi ungo ni kama dakika 12 au 15.

Baada ya hapo, ngoja. Hili nililijifunza kwa aibu. Usiku uleule tulizitwanga zingali na joto, na mimi, mjuaji, nikamimina unga wote ndani ya sufuria iliyojaa hadi ukingoni, ikiwa bado juu ya moto. Kahawa iliyotoka tu kukaangwa imejaa hewa ya kaboni dioksidi ndani ya punje, na maji ya moto yanaitoa yote kwa mara moja. Povu lilipanda kama maziwa, likafurika, likazima moto. Tukabaki gizani na moshi, mpiga gitaa akiuliza kama bado kuna pakiti. Zilikuwepo.

Kesho yake punje zilikuwa zimetulia. Kwa lita moja ya maji tulipima vijiko kumi vya kula vya unga, karibu gramu 60. Maji yakishachemka, unaepua sufuria na kuiweka chini, ndipo unamimina unga, unakoroga mara moja, unafunika. Dakika nne. Ukifunua utakuta juu kuna tabaka kama udongo. Ulivunje kwa kijiko, unyunyize maji kidogo ya baridi yaliyokwisha kuchemshwa, na machicha yatazama yenyewe. Kisha mimina taratibu, na ile sehemu ya chini kabisa umwagie mibuni. Hakuna kichujio wala chombo cha dola hamsini.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wa Goma tunapodanganyika. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano yanayonyonya mvua yote, hauna mto hata mmoja, na maji tunayokunywa yanapandishwa kutoka ziwani. Maji ya Kivu yana madini mengi, yana umagadi. Ukiyanywa hivihivi huenda usihisi kitu. Ukiyapikia kahawa nzuri, ule umagadi unaua uchachu wake, na uchachu ndio roho ya arabika ya milimani. Kinachobaki ni ladha bapa, kama kahawa iliyosimuliwa na mtu mwingine. Idjwi si kisiwa cha lava. Kina vilima vya udongo na chemchemi. Siku ya pili mtoto wa nyumba alitupeleka kwenye chemchemi, tukajaza bidoni, yaani dumu, tukapika kahawa ileile kwa kipimo kilekile, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaonja kitu kama ndimu na maracuja (pasheni) ndani ya kahawa ya hapa nyumbani. Nilidhani ni maneno ya wauzaji tu.

Yawe ya ziwa au ya chemchemi, yachemshe sawasawa. Kando ya Kivu kipindupindu si hadithi. Maji yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, na ukiwa juu zaidi ya mita 2,000 yaache dakika tatu. Hapo kahawa inakusaidia: inakulazimisha uchemshe maji ambayo ungeyanywa hivihivi kwa uvivu.

Wataalamu wanaoandika kutoka miji ya pwani husema ukichemsha maji uyaache yapoe kidogo kabla ya kumimina, kwa sababu digrii 100 zinaunguza unga, zinatakiwa kati ya 90 na 96. Goma hatuhitaji ushauri huo. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Yaani sufuria yetu inatokota kwenye joto lilelile wanalolitafuta wao kwa kipimajoto. Lakini ukipanda zaidi, mambo yanageuka. Kabla ya mlipuko wa 2021 niliwahi kulala juu ya Nyiragongo, volkano yetu, mita 3,470, kwenye vile vibanda vya ukingoni. Baridi ilikuwa ya kung'oa meno. Wenzangu (mimi wakati ule sikuwa mnywaji) walipika kahawa kama wanavyopika nyumbani ikatoka nyepesi, ya njano, kama maji yaliyosuuza kikombe. Kule juu maji yanachemka kabla ya kufika digrii 89. Dawa ni kusaga unga laini zaidi, kuongeza vijiko viwili, na kuiacha imefunikwa dakika saba au nane huku sufuria imevishwa sweta. Sweta yangu bado inanuka.

Jambo lingine ambalo mnywaji wa pakiti hatalikuta maishani mwake ni kiazi. Mara moja moja kahawa ya maeneo yetu ya Maziwa Makuu hutoa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Inahusishwa na mdudu anayetoboa tunda la kahawa, na ukitazama punje kwa macho huijui mbovu. Punje moja inatosha kuharibu sufuria nzima ya watu saba. Ndiyo sababu nimeacha kutwanga unga wote kwa pamoja. Natwanga wa sufuria moja, nanusa kinu, na kikinuka kiazi namwaga na kuanza upya. Hasara ni konzi moja tu.

Kuhusu moto nitakuwa mfupi. Usibebe gunia la makala kwenda kulala nje, maana sote tunajua mengi ya makala ya Goma yametoka wapi, na msitu wa Virunga hauhitaji mchango wetu. Penye mibuni pana matawi: mkulima anapokata mibuni mizee ili ichipue upya anabaki na kuni ngumu, nyembamba, zinazowaka bila moshi mwingi. Mwombe. Mawe yawe makavu, usiyatoe majini, yanaweza kupasuka. Na ukilala upande wetu wa lava, kati ya Goma na Sake, usisimamishe hema wala kuwasha moto kwenye bonde au shimo hata kama linakukinga na upepo. Mazuku hukaa humo. Ni hewa ileile ya kaboni iliyopandisha povu la sufuria yangu, ila hii inatoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na imeua mbuzi na watu. Kiberiti kikizimika chenyewe karibu na ardhi, beba sufuria yako uende juu. Haraka.

Huenda unajiuliza kwa nini nimeshikilia sana sufuria. Hapa Goma maneno “kulala nje” na “kambi” hayana utamu ambao watalii wameyapa. Mara yangu ya kwanza kunywa kahawa chini ya anga haikuwa matembezi. Ilikuwa Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22, ardhi ikitetemeka usiku na mchana, na asubuhi ya tarehe 27 redio ikatangaza kwamba mitaa mingi ya mji iondoke. Tuliondoka kwa miguu kuelekea Sake, magodoro kichwani, na usiku ukatukuta kwenye uwanja wa kanisa pamoja na mamia ya watu. Hakuna aliyekuwa na usingizi. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa ameketi kwenye bidoni karibu na mbabula yake, jiko la makala. Alikuwa amekimbia na mbabula! Watu walikimbia na vyeti, yeye na mbabula, kikaango na mfuko wa kahawa ya shambani kwao. Alikuwa akikaanga konzi mojamoja, anatwanga kwa jiwe juu ya jiwe, anachemsha, anagawa. Kikombe kilikuwa kimoja, kinazunguka. Ilipofika zamu yangu nilisema mimi sinywi kahawa. “Kunywa, mwanangu,” akasema. “Usiku iko murefu.”

Ilikuwa na machicha tele, na nadhani hata mchanga. Sijanywa kikombe kizuri kuliko kile. Tangu hapo mtu akiniambia kambini hakuna nafasi ya kukaanga kahawa, namtazama tu.

Sisemi kila mtu abebe kinu. Kama hutaki kutwanga, nunua punje zilizokaangwa mjini wiki hiyohiyo na uwaombe wakusagie unga mnene, si ule laini kama poda. Vyama vya wakulima vipo, SOPACDI ya Minova iko tangu 2003, na kahawa yao inasafiri mbali. Kuna miaka ambapo kahawa ya kisiwa ilivushwa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda kwa sababu huku soko lilikuwa limekufa na kodi ni nyingi, na wengine waliokwenda nayo hawakurudi, ziwa liliwachukua. Sipendi kukumbusha hayo mtu akiwa likizo. Lakini ndiyo kahawa inayoota pale unapofunga kamba ya hema lako.

Jioni ya mwisho kule Idjwi tulipika sufuria kubwa kwa maji ya chemchemi na kumkaribisha Papa. Alikuja na kikombe chake cha chai. Akaonja, akakunja uso, akasema ina ukali kama wa tunda. Akatia sukari vijiko vinne, akaonja tena, akamaliza. Mke wake alikunywa bila sukari na kuomba nyingine. Tukakaa kimya kidogo, kisha Papa akauliza hii kitu huko Goma mahotelini inauzwa ngapi. Nikamwambia kuna mahali niliwahi kulipa dola tatu.

Akafikiri.

“Kikombe ao kilo?”

“Kikombe, Papa.”

Akageuka kumtazama mke wake, kisha gunia mlangoni, kisha kile kikombe chake, akakiinua kwenye mwanga wa moto kuangalia kama kuna kilichobaki chini.