Jina la Mpangaji Katika Majalada ya Mahakama

Nchini Marekani, mwenye nyumba anayetaka kujua kama mwombaji amewahi kushtakiwa ili aondolewe kwenye nyumba ya kupanga hana haja ya kumuuliza mtu yeyote. Katika kaunti nyingi hufungua tovuti ya mahakama, huandika jina la kwanza na la ukoo, na mashauri hujipanga mbele yake: namba ya jalada, tarehe ya kufunguliwa, mdai, mdaiwa. Mwishoni, mara nyingi kwa neno moja tu, ndipo yalipo matokeo: hukumu imetolewa, shauri limeondolewa, au wahusika wamepatana. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na msomaji mwenye haraka hulipita bila kulitazama.

Mabunge ya majimbo kadhaa yamekuwa yakibishana kama orodha hiyo ibaki wazi kwa kila mtu. Kila upande una hoja nzito, na hata anayetaka majalada yafungwe, kama mimi, hana budi kuzisikiliza hoja za wanaopinga.

Anayepangisha nyumba moja aliyoinunua kwa mkopo hana akiba ya kampuni kubwa. Mpangaji akikaa miezi mitatu bila kulipa, benki haimsubiri, na kumwondoa kwa njia ya sheria kunadai ada ya mahakama, pengine na wakili, pamoja na wiki au miezi ya kungoja. Kutaka kujua yaliyopita kabla ya kukabidhi funguo si ukatili. Tena, akinyimwa taarifa hiyo haachi kuchuja watu. Atachuja kwa vigezo vingine. Watafiti waliochunguza sheria zilizowazuia waajiri wa New Jersey na jiji la New York kuuliza rekodi ya jinai kwenye fomu za maombi ya kazi waliona kwamba pengo kati ya waombaji weupe na weusi katika kuitwa na waajiri liliongezeka, dalili ya kwamba pasipokuwa na taarifa watu hukisia kwa rangi. Kazi na nyumba ni mambo mawili tofauti, lakini onyo hilo halipuuziki.

Uwazi una manufaa mengine pia. Ni kwa majalada hayo kituo cha Eviction Lab cha Chuo Kikuu cha Princeton kiliweza kukadiria kwamba mashauri kama milioni 3.6 ya kuwaondoa wapangaji hufunguliwa nchini humo katika mwaka wa kawaida, na ndivyo ilivyojulikana kuwa wako wenye majengo wanaomshtaki mpangaji yule yule mara kwa mara ili kumsukuma alipe kodi, bila nia ya kumtoa. Mpangaji naye anaweza kuandika jina la mwenye nyumba na kuona huwapeleka watu mahakamani mara ngapi. Laiti wapangaji wengi zaidi wangelifanya hilo kabla ya kutia saini mkataba.

Tatizo ni kwamba kufunguliwa kesi si kufukuzwa. Mdai hujaza fomu na kulipa ada, na jina la mpangaji huweza kuingia katika orodha kabla hakimu hajasikia neno hata moja. Aliyezuia kodi kwa sababu paa linavuja na akashinda kesi, aliyelipa deni lote siku mbili baada ya kupata wito, na aliyeshtakiwa kwa makosa ya hesabu, wote huonekana katika upekuzi ule ule pamoja na aliyehama usiku akiacha deni la nusu mwaka. Uchambuzi wa Eviction Lab uliotolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 22 ya rekodi hizo ama hazikueleza waziwazi shauri liliishaje ama zilimwonyesha mpangaji visivyo. Ongeza kwamba rekodi nyingi hazina tarehe ya kuzaliwa, na mwenye jina la watu wengi huko, kama Maria Garcia, anaweza kubebeshwa kesi ya mtu asiyemjua.

Mara nyingi mwenye nyumba hafanyi upekuzi mwenyewe, hununua ripoti kutoka kampuni ya kuchunguza wapangaji. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za mikopo inazitaka kampuni hizo zifuate taratibu za kuhakikisha usahihi, na kwa kawaida inazikataza kuripoti kesi ya namna hii ikishapita miaka 7. Mwaka 2023 tawi la TransUnion, kampuni kubwa ya taarifa za mikopo, linalofanya kazi hiyo lilikubali kulipa dola milioni 15 kumaliza madai yaliyohusu, miongoni mwa mengine, usahihi wa rekodi za wapangaji kuondolewa. Mpangaji ana haki ya kupinga kosa, na kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kulichunguza. Nyumba nzuri haikai wazi siku 30.

New York, mwaka 2019, iliacha majalada wazi lakini ikapiga marufuku kumkataa mtu kwa sababu ya kesi ya zamani. California ilikwenda njia nyingine: tangu 2017 jalada hufungwa tangu siku ya kwanza, na kwa kawaida umma hulipata tu ikiwa mwenye nyumba ameshinda ndani ya siku 60. Wenye nyumba hulalamika kwamba mpangaji mjanja anaweza kuivuta kesi hadi siku hizo zipite, na malalamiko hayo yana haki. Muda ungeweza kurefushwa. Watafiti nao wanaweza kupewa takwimu zisizo na majina.

Hata hivyo, naipendelea njia ya California kwa sababu ya mpangilio wake wa wakati. Katika majimbo ambako jalada huwa wazi kwanza, na mpangaji akishinda ndipo aombe lifungwe, kampuni huwa zimekwisha kulinakili. Mahakama inaweza kufunga nakala yake, lakini ile iliyokwisha nunuliwa inaweza kubaki katika kanzidata za watu wengine, ikingoja jina liandikwe tena.