Jicho la 24

Kwa wasiomjua, nzi wa kuvulia samaki si nzi hata kidogo: ni ndoana iliyobanwa kwenye jiriwa ndogo, ikazungushiwa uzi, manyoya ya jogoo na nywele za mkia wa mnyama, mpaka samaki mwenye njaa aidhanie kuwa ni mdudu au kisamaki kidogo. Nimewafunga nzi wa namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo walikuwa vipofu. Sikuona sababu ya kuwapa macho, hadi siku niliposoma kwamba samaki wawindaji hulenga jicho la windo lao, na kwamba wapo samaki waliojaliwa doa jeusi mfano wa jicho karibu na mkia, labda ili adui akosee kichwa kiliko. Tangu hapo nilianza kuwatazama nzi wangu kwa majuto, kama mzazi aliyegundua kwamba kuna kitu alisahau.

Nilianza na rangi. Utaratibu wake ni mwepesi kuusimulia: unachovya kichwa cha msumari katika rangi nyeupe, unakigusisha kichwani mwa nzi, unasubiri ikauke, kisha unachovya kichwa cha pini katika rangi nyeusi na kuweka mboni. Neno gumu hapo ni «unasubiri». Mimi sikusubiri, na mboni zikatiririka kama wanja wa mtu aliyelia usiku kucha, kiasi kwamba nzi wa kwanza alionekana amefiwa na wa pili anakaribia kufiwa.

Nikahamia kwenye mnyororo wa shanga za chuma, ule unaoshikilia kizibo cha sinki. Ukiukata kwa koleo shanga mbilimbili, kila jozi hukupa macho mawili yaliyounganishwa tayari, ambayo unayalaza juu ya shina la ndoana na kuyafunga kwa uzi unaopita kwa mchoro wa namba 8. Uzito wake nao una kazi, kwani macho mazito yakifungwa upande wa juu, ndoana hugeuka majini ikaelekeza ncha juu, isinase mawe ya chini. Bob Clouser wa Marekani alijipatia jina katika miaka ya 1980 kwa nzi wa aina hiyo mwenye macho ya risasi. Macho yangu, kwa kuwa uzi niliulegeza, yalizunguka shina kama pangaboi, na kitu pekee kilichobadilika nyumbani ni kwamba sinki halikushika maji tena.

Hatimaye nikanunua macho ya kubandika: karatasi moja yenye macho 24, kila moja dogo kuliko punje ya mtama, yenye duara la fedha na mboni inayoonekana kama inaogelea. Nilikuwa na nzi 12. Hesabu ilikaa sawasawa, na hilo lilipaswa kunitia wasiwasi. Pamoja nayo nilinunua rezini angavu, ambayo hubaki majimaji mpaka imulikwe kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, kisha huwa ngumu kama kioo kwa sekunde chache. Jua nalo lina mwanga huo huo. Jambo hilo liliandikwa kwenye chupa, kwa herufi ndogo, na nililisoma kwa haraka.

Kazi niliifanya usiku wa kuamkia safari ya mtoni. Jicho la kubandika lina tabia moja ya ajabu: hushika kila kitu isipokuwa mahali pake. Ukilichukua kwa kibano hung'ang'ania kibano, ukilisukuma kwa kidole gumba huhamia kwenye gumba, na ukipumua kwa nguvu huondoka kabisa. Nilijikuna kisogo mara kadhaa, maana ndivyo ninavyofanya mambo yakinizidi, nikaendelea. Kila nzi aliyepata macho nilimpaka rezini kichwani bila ubahili, kama mama anayempaka mtoto mafuta kabla ya kumtoa nje, kisha nikamulika. Waling'aa. Walinitazama wote kwa pamoja kutoka kwenye kisanduku chao, na nakiri kwamba niliwasalimu.

Ila nzi wa 12 alipata jicho moja tu. Jicho la 24 halikuwepo. Nilipiga magoti, nikapapasa sakafu, nikakung'uta mikono ya shati, nikaikagua hadi soli ya kiatu. Rezini nayo ilikuwa imebaki tone moja, nikampaka huyo wa mwisho kidogo tu. Ukipenda, chongo huita kengeza. Nikamweka kisandukuni pamoja na wenzake.

Asubuhi tulifuatana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hufunga nzi weusi wasio na macho na hajawahi kuona haya kwa hilo. Njia ilikuwa nyembamba, mimi nikatangulia, jua likinipiga mgongoni. Mara mbili tatu nilimsikia akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Mtoni nilichagua nzi mzuri kuliko wote na kuingiza mshipi katika tundu la ndoana. Haukuingia. Niliulowesha kwa mate, nikaukata upya, nikajaribu tena, haukuingia. Nikamwinua nzi kuelekea juani, nikatazama, na tundu lilionekana wazi kabisa, kama dirisha lililosafishwa. Na kama dirisha, lilikuwa na kioo. Rezini ilikuwa imejaa tunduni. Nilimchukua wa pili, wa tatu, hadi wa 11, wote wakinikodolea macho yao mazuri, na wote wameziba. Nilijaribu kutoboa kwa pini, pini ikapinda.

«Wanaona, shemeji,» alisema bila kugeuka, akivuta samaki wake wa pili. «Tatizo ni kwamba hawafungiki.»

Alibaki chongo, ambaye kwa ajili ya umaskini wa lile tone moja tundu lake lilikuwa salama. Nilimfunga kwa heshima zote. Mtupo wa kwanza ulifika majini, wa pili ulifika majini, wa tatu ulifika juu ya mti ulio nyuma yangu, kwa upande ambao nadhani hakuwa na jicho, na mshipi ukakatika.

Shemeji alinipa mmoja wa vipofu vyake. Nilipoinama kumfunga, alicheka waziwazi kwa mara ya kwanza.

«Usihuzunike, shemeji. Bado unalo moja. Tangu tulipotoka linanitazama.»

Nilipeleka mkono kisogoni. Palikuwa na kitu kidogo, kigumu, laini kama kioo, kilichogandamana na nywele. Usiku kilikuwa kimebandikwa na rezini mbichi ya kidole changu. Njiani jua lilikuwa limemaliza kazi ya tochi, taratibu na kwa uhodari kunishinda. Nilijaribu kukibandua, nikaishia kutokwa na machozi.

Jioni mke wangu alilikata kwa mkasi pamoja na nywele zake, akaliweka kiganjani, likatutazama sote wawili, kisha akauliza kama mnyororo wa sinki nao ungerudi leo au kesho.